Jina Nililoliita Mzunguko wa Tatu

Mwalimu Rashidi, wewe uliyepokea filimbi yangu, juzi ulinipigia simu ukauliza swali nililojua litakuja. Ulisema umelipitia daftari langu la jalada la kijani, umesoma majina yote, na kila jina lina sentensi yake mbele, isipokuwa moja. Mbele ya jina la Somoe pana nafasi tupu. Ukauliza kama nilisahau. Sikusahau. Nimekaa chini nikuandikie jibu, na kwa kuwa siku hizi sina kengele ya kuniita darasani, nitaanzia mbali kidogo. Ukiona nachelewa kufika kwa Somoe, nivumilie. Naogopa kufika.

Nilifika Newala nikiwa binti wa Lulindi mwenye sanduku la bati na cheti cha kufundisha Jiografia. Mkuu wa shule akaniuliza kama nimewahi kucheza mchezo wowote. Nikasema netiboli, chuoni. Ikawa imetosha. Nikakabidhiwa idara ya michezo, yaani filimbi iliyopoteza kipunje chake cha ndani, mpira uliovimba upande mmoja, na ruhusa ya kugonga rimu ya lori iliyoning'inia kwenye mkorosho ukingoni mwa uwanja. Rimu ile ndiyo iliyokuwa kengele ya shule. Asubuhi yangu ya kwanza niliigonga kuwaashiria wakimbiaji kwamba umebaki mzunguko mmoja, na shule nzima ikamiminika nje ikidhani ni wakati wa uji. Wakimbiaji wenyewe wakaacha mbio wakaenda kupanga foleni. Mkuu hakucheka, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Aliyenifundisha kazi ni Mwalimu Nandonde, Mmakonde wa hapohapo Newala. Alifundisha Hisabati, na mistari ya uwanja aliichora mwenyewe kwa majivu ya jikoni na kamba ya katani. Alikuwa na saa nzuri ya kupimia mbio lakini hakupenda kuitazama. "Saa inakwambia amechelewa," alikuwa akisema. "Haikwambii alipotelea wapi." Mwanafunzi akimaliza mbio, Mwalimu Nandonde humpa dakika ya kuhema, kisha humuuliza swali moja tu: "Ulikuwa wapi?" Mara ya kwanza kulisikia nilidhani ni kejeli, maana mtoto tulikuwa tumemwona sote, alikuwa uwanjani. Lakini mtoto alielewa. Alitazama chini akasema, "Nilikuwa jikoni, Mwalimu."

Kijana huyo aliitwa Hamza, wa mita mia nane. Kila mara akifika kona ya jikoni miguu yake ilipungua, na mimi kwa ujuzi wangu wa netiboli nilikuwa nimemwandikia mazoezi ya kupanda mlima mpaka akatapika. Kumbe kila akifika pale harufu ya maharage humvuta, akaanza kufikiri kama meza yao ya mwisho itapata kitu. Miguu haikuwa na kosa lolote. Tukamhamishia Hamza meza ya kwanza, akawa anapita kona ile bila hata kugeuka. Jioni hiyo nikanunua daftari la jalada la kijani, nikaanza kuandika mbele ya kila jina mahali mkimbiaji anapopotelea.

Huo ndio mpango wa mazoezi unaoniomba, Mwalimu Rashidi. Hakuna mwingine. Ukimuuliza mkimbiaji kwa nini alipunguza mwendo, atakwambia alichoka, nawe utaandika "pumzi" na utakuwa umeandika uongo. Muulize alikuwa wapi. Nilipohamishiwa Masasi nilikuwa na msichana wa Lupaso ambaye siku ya mawingu hakufaa kitu, mpaka aliponiambia kwamba akiona mawingu anakumbuka makopa ya mihogo ya mama yake yameanikwa juu ya paa na hakuna wa kuyaanua. Mwingine, wa mbio za kupokezana, nilimharibu mimi. Nilimwambia, "Leo usidondoshe kijiti." Alikuwa hajawahi kukidondosha. Siku ile alikwenda na neno langu mpaka mahali pa kupokezana, kijiti kikaanguka miguuni pake, akasimama anakitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekitupa. Na kweli ni mimi.

Dawa ya Mwalimu Nandonde ilikuwa jina. Ukishajua mahali anapopotelea, simama hapo. Usipige kelele za "kaza, kaza," kwa sababu uwanja mzima unazipiga na masikio yake yamezizoea. Mwite jina lake, mara moja, kwa sauti ya kumwita mtu aje kula. Atarudi. Katika miaka yangu yote dawa hiyo ilifanya kazi, na ndiyo maana nilikuja kuiamini kuliko ilivyostahili.

Sasa nimfikie.

Somoe alikuja kidato cha kwanza kutoka Mkunya, wakati mimi nimesharudishwa Newala kumalizia utumishi wangu. Wakati huo alikuwa na jina lake la utoto, ambalo nitaliandika hapa kwa ruhusa yake, na nitaliandika mara mbili tu. Aliitwa Tabu, kwa kuwa mama yake alimpata baada ya siku mbili za uchungu. Alikuwa mwembamba, mkimya, na njia ya kutoka kwao mpaka shuleni alikuwa anaikimbia asubuhi na jioni bila kujua kwamba anafanya mazoezi. Nilimjaribu mita elfu moja na mia tano, nikasema moyoni kwamba huyu ndiye wa kufungia kazi.

Mwaka ule wa kwanza tulifika mashindano ya mkoa, Masasi. Uwanja ni wa nyasi, mzunguko wake mita mia tatu, kwa hiyo mizunguko ni mitano. Mzunguko wa tatu, kwenye kona yenye mkorosho, nilimwona akiondoka. Miguu ilikuwa inakwenda lakini mdomo ulikuwa umefunguka kidogo na macho yametulia mahali pasipo na kitu. Nikamwita. Akashtuka, akarudi, lakini nilikuwa nimechelewa kumwita, wenzake walikwishatangulia. Akawa wa sita. Nilipomuuliza alikuwa wapi, alisema, "Nilikuwa nyumbani, nafunga mbuzi. Sikumbuki kama nilimfunga." Uso ule ulinikaa kichwani mwaka mzima. Niliuona nikichambua mchele, niliuona kanisani wakati wa mahubiri.

Desemba alichezwa unyago kwao Mkunya. Wewe ni mtu wa huku, huhitaji kuelezwa, lakini walimu wanaoletwa kutoka mbali nao watasoma. Kwetu mtoto akichezwa jina la utoto hulala kulekule ngomani. Anatoka na jina jipya. Kumwita kwa lile la zamani ni kumtukana, na yeye amefundishwa asiitike. Akiitika, amekubali mbele za watu kwamba bado ni mtoto, na aibu haiishii kwake, inamfika bibi yake na inamfika somo wake, yule mama aliyemshika mkono siku zote za unyago. Sisi Wamakua wa Lulindi ni hivyohivyo, pamoja na kanisa letu. Mimi mwenyewe nililiacha jina langu nikiwa na miaka kumi na miwili, na silitaji hapa.

Januari akarudi na kanga mpya, mgongo umenyooka, na jina la somo wake: Somoe. Rejista ya shule haikuchezwa unyago, ikabaki na jina la zamani, na mkuu akasema kubadilisha ni barua nyingi. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nalisoma lile jina kwa macho na kutamka jingine kwa mdomo. Ulimi ulijikwaa mara mbili mazoezini, nikajiwahi katikati ya neno. Somoe alijifanya hakusikia. Nilipaswa kuelewa kwamba ulimi unaojikwaa mazoezini utaanguka siku ya mashindano. Nilijiambia ni uchovu.

Mwezi Juni tukarudi Masasi. Nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo mambo yote yalipo. Wawili wa kwanza wangeingia timu ya mkoa. Na alikuwapo mwalimu wa shule moja ya bweni ya mbali, yenye uwanja wa kweli na walimu watatu wa michezo, amekaa kwenye benchi na kofia yake. Alikuwa ameniambia wazi: "Mama, huyo msichana wako akiingia wawili wa kwanza, namchukua, nafasi ipo moja. Akiwa wa tatu sina cha kumweleza mkuu wangu." Somoe alijua. Bibi yake alijua, ndiyo sababu alikuja kutoka Mkunya kwa pikapu pamoja na somo na kina mama wengine, wakaketi kwenye nyasi karibu na ule mkorosho. Na mimi ulikuwa mwaka wangu wa mwisho. Sitaficha, nilikuwa nautaka ushindi ule kwa ajili yangu pia.

Asubuhi nilikwenda meza ya mtangazaji. Karatasi yake ilikuwa na jina la rejista. Nikachukua kalamu yangu, nikalikata, nikaandika Somoe kwa herufi kubwa, nikamwambia, "Ukilisoma lile lingine kwenye kipaza sauti, utanieleza vizuri." Akacheka. Nikaondoka nikijiona nimemlinda mtoto.

Tulikuwa tumepanga hivi. Mizunguko mitatu akae nyuma ya wenzake, asiongoze, asibaki. Mzunguko wa nne, kwenye kona ya mkorosho, aondoke. Nilimuuliza mara tatu aondokee wapi, mara tatu akanijibu. Mara ya nne akasema, "Mwalimu, nimeshika." Alisema kwa adabu, lakini alisema.

Wakaanza. Mzunguko wa kwanza alikuwa wa tano, vizuri. Wa pili, wa tano bado, hajakwama, hajabanwa. Mbele alikuwa msichana mrefu mwenye viatu vyekundu, anayekwenda kwa nguvu mno. Mzunguko wa tatu wakaja upande wangu, na walipoingia kwenye kona nikaona uso wa Somoe. Mdomo umefunguka kidogo. Macho yametulia.

Nikauona mwaka uliopita wote, ile nafasi ya sita, yule mbuzi asiyejulikana kama amefungwa. Nikaona kona ileile na uso uleule, na nikajiambia safari hii sichelewi. Nikavuta pumzi yote niliyo nayo, nikaita:

"Tabu!"

Kina mama wa Mkunya walikuwa wanapiga vigelegele. Vilikatika kama mtu amefunga mlango. Nikasikia miguu ya wakimbiaji kwenye nyasi. Somoe bega lake moja liliruka, mguu ukataka kurefuka, nikaona kwa macho yangu ukitaka, kisha akaurudisha. Hakugeuka. Akabaki kwenye mwendo uleule, kidevu kimenyooka, anatazama mbele.

Ilinichukua nusu mzunguko kuelewa nilichofanya. Mkimbiaji anayeitwa huitika kwa miguu. Akiongeza mwendo ameitika. Bibi yake yuko pale, somo wake yuko pale, wote wamesikia jina, na wote wanatazama miguu yake. Na kona ya kuondokea ni hiyohiyo ya mkorosho, mbele yao, na mimi nimesimama hapo na mdomo wangu.

Mzunguko wa nne wakaja. Wengine wawili waliondoka, wakampita mwenye viatu vyekundu. Nilitaka kumwita Somoe, jina lake lenyewe safari hii, nikajizuia, maana kila nitakalosema sasa lingekuwa wito. Nilitafuna kamba ya filimbi. Somoe akapita mbele yetu kwa mwendo uleule, taratibu kiasi cha kuumiza, akapita mkorosho, akawapita kina mama, akaingia upande wa pili wa uwanja. Na huko, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kusema ameniitikia mimi, akaondoka.

Sijawahi kuona msichana anakimbia vile. Kengele ikagongwa, mzunguko wa mwisho. Akampita mmoja, akampita wa viatu vyekundu, pale kwenye kona ya mkorosho akapita anaruka juu ya nyasi, na kina mama hawakupiga kigelegele hata kimoja. Mita hamsini za mwisho alikuwa begani kwa wa pili. Bega kwa bega. Wakavuka kamba, na msichana wa pili alikuwa amemtangulia kwa kifua.

Wa tatu. Yule mwalimu mwenye kofia aliandika kitu, akafunga karatasi zake.

Bibi yake alinijia kabla sijamfikia mtoto. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia salamu yangu.

"Mama Joeli," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu, kwa sauti ya chini ambayo ilikuwa mbaya kuliko makelele. "Umemvua mtoto wangu nguo mbele za watu."

"Nimekosa, mama. Ulimi wangu umenitoka."

"Na wewe umechezwa?"

"Nimechezwa."

"Jina lako la utoto lilikuwa nani? Litaje. Hapa, wakusikie hawa."

Watu walikuwa wamesimama kutuzunguka, wanafunzi wangu, walimu wenzangu, yule mtangazaji na karatasi yake. Nina miaka karibu sitini, nina wajukuu, nilidhani ningeweza. Nilifungua mdomo, na jina halikutoka. Machozi ndiyo yaliyotoka.

"Umeona," alisema yule bibi. Somo wa mtoto akamshika mkono, wakaondoka. Wiki iliyofuata nilipanda Mkunya na kuku jike na kanga mbili, nikaomba radhi kama desturi inavyotaka. Walinipokea, wakanipa chai na mihogo, wakasema yamekwisha. Kwao yalikwisha.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi ya pili Masasi, nilimkuta Somoe bombani anafua soksi. Nilikuwa na daftari mkononi. Kwa nini nilikwenda na daftari, sijui. Nadhani mtu akiishiwa la kusema hushika chombo chake cha kazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Somoe. Pole, mwanangu."

"Nimeshapoa."

Nikamwomba msamaha, akaupokea kwa kichwa, anaendelea kufua. Ningeishia hapo. Lakini mazoea ni kitu kibaya. Nikafungua ukurasa wake, nikamuuliza, "Jana, mzunguko wa tatu, ulikuwa wapi?"

Akaacha kufua.

"Nilikuwa palepale, Mwalimu. Nilikuwa nahesabu hatua za yule wa viatu vyekundu. Mguu wake wa kushoto ulianza kuburuza. Nikajua huyu hafiki, na hao wawili wa kando yake wanategemea mwendo wake. Nilikuwa nasubiri kona yetu tu."

"Lakini uso wako. Macho yalikuwa yamekwenda."

"Mimi nikishika kitu kwa akili yangu yote, ndivyo nilivyo. Hata kwenye mtihani wa Hisabati." Alikamua soksi, akaikung'uta, akaitundika kwenye waya. Kisha akanigeukia. Hakuwa na hasira, naapa, aliuliza jinsi nilivyomfundisha mwenyewe kuuliza. "Na wewe, Mwalimu? Ulikuwa wapi?"

Nilisema uji unapoa, nikaondoka na daftari langu.

Hilo ndilo swali pekee la kazi yangu ambalo sikulijibu, na niliyemnyima jibu ndiye aliyepoteza kwa sababu yangu. Ile nafasi ya bweni haikurudi tena. Mwaka uliofuata mkoa ulichagua wakimbiaji wadogo zaidi, na mimi nilikuwa nimeshaaga kwa keki na hotuba. Somoe sasa yuko kidato cha nne, yuko mikononi mwako, anakimbia vizuri, na utaniambia bado ana nafasi. Pengine anayo. Tukikutana sokoni Newala ananiamkia kwanza, na mimi nalitamka jina lake polepole, herufi kwa herufi, na sijaacha kuona aibu. Wiki iliyopita nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Akafikiri kidogo, akasema, "Andika, Mwalimu. Na lile jina liandike, la sivyo hawataelewa." Halafu akaongeza, "Lakini na mimi nataka jibu langu."

Basi Mwalimu Rashidi, nenda kachukue daftari. Ukurasa wa mwisho, mbele ya jina lake, ile nafasi tupu. Mkono wangu umeshindwa mara nyingi, kwa hiyo iandike wewe, kwa wino, kisha umpe alisome. Andika: Mzunguko wa tatu, kona ya mkorosho. Somoe alikuwa hapahapa. Mwalimu alikuwa mwaka jana.